Mimba Zangu za Keko

Nilipoolewa nilihamia Keko, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya mume wangu. Ukuta mmoja ndio uliotutenganisha na kazi, na ukuta wenyewe haukufika juu. Kati ya tofali za mwisho na bati palibaki upenyo ambao mkono wa mtu mzima unapita. Kupitia upenyo huo tulisikia randa, nyundo na mabishano ya mafundi juu ya mpira, na kupitia huo huo iliingia harufu ya vanishi, gundi na tina, kile kiyeyusho wanachochanganyia rangi. Sikuiona kuwa shida. Mie nimekulia Masasi, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, na kuolewa na mwanamume mwenye karakana yake Dar es Salaam lilikuwa jambo la kupeleka habari nyumbani kwa furaha.

Mume wangu anatoka Newala, ukoo wa wachonga vinyago. Kuchonga alifundishwa na baba yake, makochi na makabati alijifunzia mjini. Pale Keko kila mtu alimwita Fundi, na mie nikazoea kumwita hivyo hivyo mpaka leo.

Alitaka nikae ndani kama bibi arusi. Nilikaa, nikachoka. Mwanamke utapanga vyombo mara ngapi kwenye chumba kimoja? Nikaomba cherehani, nikaanza kushona foronya za mito ya makochi. Baadaye nikawa nabandika sponji kwenye mbao. Kazi hiyo unaifanya umeinama, brashi mkononi, kopo la gundi ya njano karibu na kidevu, unapaka, unasubiri ikauke kidogo, unagandamiza. Ikifika alasiri kichwa kinakuwa kizito na ulimi unakuwa na ladha ya sarafu. Mafundi walisema dawa yake ni maziwa. Ukinywa maziwa fresh, sumu yote inateremka. Basi sote tulikunywa maziwa, na tukaendelea.

Siku nyingine nilisaidia kupiga msasa fanicha za zamani zilizoletwa kufanywa upya. Rangi kuukuu ilitoka kama unga, ikatua kwenye nyusi, kwenye khanga, kwenye sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni. Nilikuwa na mkono mwepesi na Fundi alijivunia. Wateja wakija alisema, "Huyu ndiye kiwanda chenyewe, mie msimamizi tu."

Mimba ya kwanza niliijua mapema kwa sababu chai ilinishinda. Tulifurahi kimyakimya, maana kwetu mimba changa haitangazwi. Fundi alianza kuchora kitanda cha mtoto kwenye ubao kwa penseli ya kazini, akifuta na kuchora tena. Kisha asubuhi moja, nikiwa nimeinama juu ya kochi, nilisikia kiuno kinakatika. Nilikwenda chumbani nikaona damu. Zahanati walinipokea vizuri, wakanipa vidonge, na muuguzi akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, mimba changa hutoka. Wala siyo kosa lako. Utapata nyingine."

Alisema kweli. Nilipata nyingine, na hiyo pia ikatoka, ikiwa imeendelea kidogo kuliko ya kwanza. Safari hii walinipeleka hospitali kusafishwa. Sitaeleza chumba kile. Nakumbuka tu kwamba kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia, anafagia bila haraka, na mie nikawa nasikiliza ule ufagio ili nisisikie kingine.

Niliporudi nyumbani, Fundi alikuwa amefunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya mvua kubwa. Alikuwa amekaa juu ya gogo la mninga. Hakusema pole. Alinyanyuka, akanishika mkono, akanipeleka kitandani, akanifunika shuka kisha akatoka kwenda kukaa tena juu ya lile gogo. Nilimwelewa. Kwa wanaume wa kwao, maneno ni machache kwenye furaha na machache zaidi kwenye msiba.

Tatizo la msiba wa namna ile ni kwamba hauna matanga. Hakuna turubai, hakuna wa kuja kukaa nawe jamvini. Hakuna jina la kutaja kanisani. Wanawake wa jirani walileta uji, wakaniambia nisifikirie sana, wakaondoka. Mmoja alinong'ona kwamba nitazame mkono wa mtu. Na mie usiku na mchana nilikuwa najipekua mwenyewe: nilibeba nini kizito, nilikula nini, nilimkosea nani?

Ndipo akaja mama mkwe kutoka Newala. Alikuja na kikapu cha korosho, kitabu chake cha nyimbo za kanisani na, chini kabisa, mizizi iliyofungwa kwenye kitambaa. Nilimwamkia shikamoo, nikijua kilichomleta. Aliitikia marahaba, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Mwanangu, nimekuja tutafute."

Akaanza kutafuta. Aliuliza kama mama yangu aliwahi kuharibu mimba, kama bibi yangu, kama shangazi zangu. Aliuliza kama kuna mwanamume niliyemkataa kabla ya mwanawe. Nilijibu yote. Mizizi alinichemshia, nikainywa kwa adabu. Kuna watu wanaodhani mama mkwe ni adui kwa kuzaliwa. Mie sikumwona hivyo hata siku zile alizokuwa ananichoma. Alikuwa mama anayetaka mjukuu, na alikuwa amefiwa na wajukuu wawili ambao hata yeye hakuwaona.

Ila mama yule hakuweza kulala kwenye kile chumba. Siku ya kwanza aliamka na kichwa. Siku ya pili akatapika. Akahamishia mkeka wake kibarazani na mchana wote alikaa huko, khanga imeziba pua. "Nyie mnaishije humu?" aliniuliza. "Kwetu hata banda la kubangulia korosho lina hewa kuliko hapa." Nilicheka, nikamwambia atazoea. Sote tulizoea.

Mizizi ilipoisha akasema twende hospitali, na siyo zahanati ya mtaani, bali kwa daktari mkubwa wa wanawake. Aliniambia hivyo kana kwamba mie ndiye niliyekuwa nakataa. Tulikwenda wote wawili. Mlangoni msaidizi alitaka aingie mgonjwa peke yake. Mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, huyu ameolewa kwangu," akaingia.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani aliyoisukumia kichwani na kuisahau huko. Alisoma vipimo vyangu, akauliza maswali ya kawaida. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nashona, nabandika sponji, wakati mwingine napiga msasa.

"Na unaishi wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akajibu. "Wanaishi ndani ya pipa la rangi, daktari. Mie nimeshindwa wiki moja."

Daktari hakucheka. Alisogeza kiti, akaanza kutuchambulia, tena kwa Kiswahili chepesi. Alisema gundi na tina zikikauka haziendi mbinguni. Zinakuwa hewa, hewa inaingia kwa pua, kutoka kwenye mapafu inaingia kwenye damu, na damu ya mama ndiyo inayomlisha mtoto. Wiki zile za mwanzo, wakati wanawake wengine hawajui hata kama wana mimba, ndipo mtoto anapoumbwa moyo, uti wa mgongo na ubongo. Ni kama nyumba inayojengwa msingi, kitu kidogo kinaweza kuipinda. Akasema rangi za zamani, zile tunazozikwangua, baadhi yake zilitengenezwa na madini ya risasi, na vumbi lake linakaa mwilini, linajificha hata kwenye mifupa, na mimba ikiingia linaweza kutoka na kumfikia mtoto. Akataja pia moshi wa mkaa kwenye chumba kisicho na dirisha.

"Kwa hiyo ndicho kilichowaua wanangu?" nikauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaita wanangu.

Alivua ile miwani kichwani, akaishika. "Siwezi kukuapia. Mimba nyingi hutoka kwa sababu ambazo hata sisi hatuzijui, na nikikuambia ni hiki hapa, nitakuwa nakudanganya. Ninachoweza kukuambia ni kwamba vitu hivi vinajulikana kudhuru, na wewe umekaa navyo mchana na usiku. Ungekuwa mdogo wangu, ningekuambia uhame."

Kisha akaongeza, akimtazama mama mkwe zaidi kuliko mie, "Na mume naye aje apimwe. Hewa hiyo haichagui. Mbegu za mwanamume nazo zinaumia."

Tulitoka. Mama mkwe alinivuta mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa hospitali. Nilikuwa nawaza jinsi ya kumwambia mwanamume wa Newala, mtu mzima, kwamba anatakiwa kwenda kupimwa mbegu. Nadhani mama aliyasoma mawazo yangu usoni.

"Hilo la mwanangu usilisemee wewe," aliniambia. "Ukilisema wewe atadhani unamrudishia lawama. Nitalisema mie niliyemzaa."

Alilisema siku ile ile, kwenye chakula cha mchana, mafundi wengine wakiwa wametawanyika. Alilisema kama mtu anayeomba chumvi. Fundi aliacha tonge mkononi. Alimtazama mama yake, akanitazama mie, akanawa, akarudi kwenye randa. Mchana kutwa alipiga randa ubao ule ule mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu. Mama mkwe akasema, "Mwache. Anazungumza na baba yake." Baba yake alishafariki zamani.

Ilipita wiki na zaidi. Kisha asubuhi moja alivaa shati lake la kanisani siku isiyo ya ibada, akasimama mlangoni, akaniambia, "Haya, twende basi."

Majibu yalipotoka, daktari alituita wote wawili. Mbegu zilikuwepo, lakini chache, na nyingi hazikuwa na nguvu. Fundi aliinamisha kichwa. Nilimsikia akisema, polepole, "Kwa hiyo ni mie."

"Sijasema hivyo," daktari alimjibu. "Mke wako alishika mimba mara mbili, sivyo? Mnanitafutia mkosaji, na mimi natafuta chanzo. Nimekusikia ukisema unapuliza vanishi miaka mingi bila kitu cha kuzuia pua. Acha kwa muda. Mwili wa mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila baada ya miezi michache. Tutapima tena."

Njiani alitembea mbele yangu hatua chache, kama kawaida yake akiwa na mawazo. Tulipokaribia Keko alisimama akanisubiri. "Samahani," akasema. Sikumwuliza samahani ya nini. Pengine hata yeye hakujua. Pengine ni ya kuniacha nikajipekua peke yangu kipindi chote kile huku hakuna aliyemtazama yeye.

Tulihama. Tulipata chumba na sebule Mtoni, ndani kidogo kutoka barabara ya Kilwa, nyumba yenye uwanja na madirisha pande mbili. Mama mkwe alikagua kila pembe kwa pua, akaridhika, akarudi Newala. Cherehani niliichukua, gundi niliiacha. Nikawa nashona foronya nyumbani na Fundi anazipeleka kazini. Akifika jioni alivua nguo za kazi uani na kuoga kabla ya kunigusa, maana daktari alituambia vumbi husafiri kwa nguo. Siku za kwanza nilijiona mgeni. Asubuhi niliamka nikashangaa kwamba kichwa hakiniumi. Nilikuwa nimesahau kwamba kichwa cha mtu kinaweza kukaa tu, bila kuuma.

Lakini kazi ya kupuliza vanishi haikuondoka duniani kwa sababu sie tumeondoka. Mtu alipaswa kuifanya. Fundi alimwachia mwenzake waliyekuwa wanashirikiana karakana, kijana mwenye bidii, aliyeoa karibuni. Na kile chumba chetu cha nyuma, kwa kuwa kilikuwa wazi na karibu na kazi, akahamia yeye na mkewe.

Nilikwenda kuwakabidhi ufunguo. Bibi arusi alikuwa anapanga vyombo vyake kwenye kabati lile lile nililokuwa napangia vyangu. Alikuwa na mikono yenye hina iliyoanza kufifia. Alinikaribisha soda. Nilikaa, nikaangalia ule upenyo wa juu ya ukuta, na roho ikanikataza kunyamaza. Nikamweleza. Nikamwambia yote: mimba ya kwanza, ya pili, daktari, hewa, risasi. Nikamwambia kama anafikiria kuzaa, wasikae pale.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Dada, mie sijamaliza hata mwezi kwenye ndoa yangu, unakuja kunisomea matanga?"

"Sikusomei matanga, mdogo wangu. Nakwambia yaliyonipata."

"Yamekupata wewe. Usinitabirie mabaya." Akafungua mlango. Soda niliiacha nusu.

Kesho yake mumewe alimkabili Fundi mbele ya wenzao. "Mkeo anamtisha mke wangu. Kama mnakitaka chumba, semeni." Fundi alirudi Mtoni akiwa amenuna. Nilijua nimemwaibisha, nikangoja anifokee. Alikaa kwenye ngazi za uani, akavua viatu. Hakunifokea.

"Unajua nimefanya nini?" akasema. "Nimechukua kitu nilichokikimbia, nikampa mwenzangu kama zawadi."

"Humlazimishi."

"Simlazimishi. Ila nilipomkabidhi ile mashine ya kupulizia, sikumwambia kwa nini naiacha. Nilimwambia mkono unaniuma."

Wiki ile alimweleza mwenzake ukweli wote, hata lile la vipimo vyake, na kwa mwanamume hiyo siyo habari ya kueleza mwenzio kirahisi. Sijui waliongea vipi, hakunisimulia. Najua tu kwamba baadaye waliziba ule upenyo kwa mbao, wakahamishia kazi ya kupuliza kwenye uwazi wa nyuma, mbali na vyumba, na wakanunua barakoa nzito zenye vichujio pembeni, siyo kile kitambaa cha kujifunga puani. Mafundi wa karakana jirani waliwacheka. Waliwaita wazamiaji wa baharini. Wengine bado wanapuliza vile vile mpaka leo, kando ya barabara, watu wakipita, na sijui niwalaumu kwa lipi. Barakoa hailiwi, na eneo la wazi halipatikani kwa kila mtu.

Bibi arusi hakuhama. Hakunisalimia pia. Lakini maneno yangu yalishatoka na yalikuwa yanatembea. Siku moja nilipeleka foronya karakana, na mama lishe aliyekuwa anauza ugali na samaki jirani na pale akaniita. Ni mwanamke mkubwa kwangu, mtu wa Lindi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Siku ile aliniongelesha chinichini.

"Eti ulimwambia nini yule mtoto?"

Nikamweleza kwa kifupi. Aliendelea kusonga ugali huku ananisikiliza. Alipomaliza, akafunika sufuria, akakaa kwenye benchi lake mwenyewe, mahali anapokaaga mteja.

"Mie matumbo yametoka mawili," akasema. "Baada ya kitinda mimba wangu. Nilianza kupika hapa ndiyo yakaanza. Sikumwambia mtu. Hata mume wangu la pili hakulijua, nilimwambia ni siku zangu zimezidi." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye unga. "Mie nilijuaga ni umri."

"Inawezekana ni umri kweli, mama," nikamwambia. "Daktari mwenyewe hakuniapia."

"Inawezekana," akasema. "Lakini afadhali mtu aniulize."

Tulikaa pale mpaka mteja akaja. Hakuacha biashara yake, angeiacha aende wapi? Alihamisha meko tu, akavuka upande wa pili ambako upepo hauleti vumbi. Baadaye walikuja wengine: msichana aliyekuwa anapiga msasa karakana ya tatu, mke wa mchomelea vyuma, mwanamke mmoja aliyeacha zamani kazi ya kushona viti vya magari. Walikuja mmoja mmoja, hakuna aliyetaka kuonekana. Sikuwa na dawa ya kuwapa. Niliwapa jina la kliniki, nikawaambia waeleze kazi wanayofanya hata kama hawajaulizwa. Wengi walitaka tu kusimulia. Niligundua kwamba mtaa ule niliouona umejaa nyundo na kelele za wanaume ulikuwa umejaa pia vilio ambavyo havikuwahi kutoka kwa sauti.

Bibi arusi alishika mimba. Nilisikia kwa Fundi, nikaingiwa na hofu kana kwamba ni yangu. Nilimwombea kila siku, na siyo uongo. Mimba ilikaa. Akajifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye sauti kama ya baba yake. Tulikwenda kumwona mtoto, nikiwa nimebeba khanga na sabuni. Alinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia, akaniwekea mtoto mikononi. Kisha akasema, bila ubaya, kwa furaha ya mtu aliyeshinda, "Umeona, dada? Mungu ni mwema."

"Mungu ni mwema," nikajibu. Nilimaanisha. Lakini nikiwa narudi Mtoni nilihisi kitu kingine chini ya furaha ile. Kama yeye alikaa chumba kile kile na mtoto ametoka mzima, basi ya kwangu yalikuwa nini? Mkosi? Mwili wangu? Nilikuwa nimeanza kuishi na jibu na sasa jibu lilikuwa linateleza. Nikampelekea daktari swali hilo, siku ya kipimo cha pili cha Fundi.

"Si kila anayevuka barabara bila kutazama hugongwa," aliniambia. "Hatumshauri mtu avuke hivyo. Halafu, kwa ulivyonieleza, yeye alikaa wakati upenyo umezibwa na vanishi inapulizwa mbali, sivyo? Mshukuru Mungu kwa ajili yake. Na uache kulinganisha matumbo."

Kipimo cha Fundi kilikuwa kimepanda. Siyo sana, lakini kimepanda. Alikunja ile karatasi akaiweka mfukoni, na njiani alinunua miwa na kunipigia hadithi za utotoni kwao mpaka nikaumwa mbavu kwa kucheka.

Mimba ya tatu niliipata Mtoni. Sikuifurahia mwanzoni, nilijua jinsi inavyoanza na jinsi inavyoisha. Nilikwenda msalani kwa woga, kila mara nikitazama. Mama mkwe alipigiwa simu, akasema haji kwanza, asije akaleta wasiwasi kwenye mzigo. Atakuja ikifika mahali pake. Nilipikia uani, madirisha nikayaacha wazi hata mbu wakaja, nikalala ndani ya chandarua. Fundi alikuwa anaoga kazini kabla ya kutoka, akioga tena akifika. Siku nilipopigwa altrasaundi na kusikia moyo ule, kasi kama farasi, alikuwa amesimama karibu nami akiwa bado na vumbi la mbao kwenye kope moja. Daktari akamwambia, "Baba, huyo ndiye." Alitoka nje. Nilimkuta baadaye anaongea na mlinzi juu ya mpira, macho yamemwiva.

Tulipata mtoto wa kike. Sasa anakwenda shule ya awali na anajua kuuliza maswali yasiyo na mwisho. Mama mkwe alikuja, akambeba, akamwimbia nyimbo za kitabu chake chote. Mizizi safari hii hakuibeba, au kama aliibeba hakunionyesha.

Watu wakiniuliza kama ni kuhama ndiko kuliniletea mtoto, nasema sijui. Nasema kweli. Huenda hata ningebaki ningempata. Huenda wale wawili wangetoka hata kama ningekuwa naishi juu ya kilima cha Newala penye upepo. Kutojua huko kulinisumbua zamani. Sasa nimekubali kukaa nako nyumba moja. Ninachojua ni kidogo, lakini kinatosha kunifanya nizungumze: kwamba kile nilichokivuta hakikuwa hewa tu, na kwamba miaka ile yote tulitafuta mchawi, ukoo na dhambi, lakini swali la kazi gani unafanya na unalala wapi hakuna aliyelikumbuka.

Mwezi uliopita nilikuwa karakana, nimepeleka foronya, akaja mwanamke mwenye tumbo kubwa kidogo, amevaa vizuri, mtu wa Kawe. Alitaka kitanda cha mtoto, cheupe, kinachong'aa, kiwe tayari mwisho wa wiki akiweke chumbani kwake. Fundi alimsikiliza, akamvutia kiti, lakini akamwekea nje, upande wa upepo.

"Dada, kitanda nitakutengenezea," akamwambia. "Ila rangi hiyo ikipigwa, kitanda kinabaki hapa uwanjani wiki kadhaa kikauke kabisa. Au nikufanyie cha mbao tupu, nikipake mafuta ya nazi tu. Ni mninga, kitapendeza."

"Mie nataka cheupe. Na nakitaka mwisho wa wiki."

"Basi mwisho wa wiki sitaweza."

Yule mama alimtazama kama mtu anayetazama duka linalokataa wateja. "Fundi gani anakataa kazi?" akasema, akanyanyuka, akavuka kwenda karakana ya pili, ambako walimkubalia hata kabla hajamaliza kueleza.

Nilimwuliza Fundi kama anajuta. Alikuwa ameshashika randa.

"Najuta kidogo," akasema. "Ningemweleza vizuri zaidi. Nilimwambia habari za kitanda, sikumwambia habari za tumbo." Akaweka randa chini, akajipangusa mikono, akavuka barabara kumfuata.

Niliwaona wakisimama pembeni, yeye akiongea kwa mikono kama anavyofanyaga akitafuta maneno, yule mama akiwa amekunja uso. Sikusikia walichosema. Alirudi peke yake.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Amesema atafikiria," akajibu, akaendelea na kazi.